Baiskeli Iliyolegezwa

"Mkazie," mwanamke alisema. "Huyo bado anaongea. Mtu anayefanya mazoezi ya kweli hana pumzi ya kuongea."

Kocha akainama, akazungusha kidude cha kukazia baiskeli ya mazoezi. Mume aliyekuwa juu yake akanyamaza mara moja. Jasho lilimchuruzika mpaka masikioni, na kila alipopunguza mwendo mkewe alikohoa kidogo, miguu ikaanza tena.

Mwanamke yule mwenyewe hakufanya mazoezi. Alikaa tu kwenye benchi la ukutani, amejitanda shali zito, mikono ya gauni imemfika kwenye vidole, ndani ya jimu ambamo wengine walibaki na fulana tu kwa joto. Macho yake yaliyovimba hayakubanduka kwa mumewe. Ukimpa maji alilowesha midomo, akakurudishia chupa. Wateja walianza kulikwepa benchi lile, na kocha, mtu wa maneno mengi na utani, alijikuta anashusha sauti akimkaribia.

Kocha hakuamini mazoezi ya upande mmoja. Vijana wenye vifua vya mlango na miguu ya kuku aliwatania mpaka wakanuna. Mwili unataka vyote, aliwaambia: pumzi, nguvu, viungo vilainike, na uweze kusimama kwa mguu mmoja bila kushika ukuta. Ukienda hivyo presha inashuka, sukari inatulia, hata usingizi unakuja wenyewe. Ila uende bila pupa.

Huyu mama alikuwa na pupa.

"Shemeji, tumpeleke taratibu," kocha alimwambia. "Kitambi chenyewe ni cha miaka mingi, na presha iko juu."

"Muda wa taratibu sina."

"Muda wa nini?"

Mwanamke akamtazama mumewe. Mume akatazama sakafu.

"Yeye anajua." Kisha, kama anayeuliza bei ya kitu: "Moyo wake unaweza kustahimili kiasi gani, kocha?"

Swali lile lilimfuata kocha mpaka nyumbani, likakaa naye mezani, akashindwa kumaliza chakula. Kesho yake alimwona mwanamke amemsimamisha mumewe mlangoni, anampapasa mbavu na kiuno polepole, kama mtu anayekagua mbuzi kabla ya kulipa.

Zilikuwapo siku ambazo mwanamke hakuja. Siku hizo mume alikuwa mtu mwingine kabisa, mcheshi, soda mkononi, akiwasalimia watu wote kwa majina ya utani. Katika siku moja ya namna hiyo kocha alimvuta kando.

"Kaka, nisamehe kwa kuingilia ya nyumbani kwako. Mkeo anataka nini?"

Mume akageuka kwanza kuutazama mlango. "Kumbe na wewe umeliona," akanong'ona. "Haya mazoezi, kocha, hayafanywi kwa faida yangu. Yule atanimaliza."

"Si umwache?"

"Nimwache niende wapi? Ndugu zake na ndugu zangu wote wako upande wake. Nisaidie wewe. Mkono wako ndio unaokaza ile baiskeli."

Kocha aliogopa, na zaidi ya kuogopa alikasirika. Akaapa moyoni kwamba mtu huyu hatafia mikononi mwake.

Tangu hapo baiskeli ililegezwa mpaka pedali zikawa zinazunguka zenyewe. Vyuma vizito akavificha, akampa vyepesi vilivyofanana navyo. Mume naye alicheza sehemu yake vizuri: aliingia bafuni akajimwagia maji kifuani, akatoka anahema kama aliyekimbizwa na mbwa. Mkewe aliridhika. Siku moja alitabasamu, na tabasamu lile likamtisha kocha kuliko ukimya wake wote. Uso wa mwanamke ulizidi kuvimba, rangi ikapauka. Kocha akajisemea kwamba ndivyo ubaya unavyomla mtu kutoka ndani.

Kisha mume akaja na habari kwamba mkewe amepanga apimwe hospitali.

"Anataka kujua kama niko tayari," alisema. "Twende wote, kocha wangu. Usiniache peke yangu naye."

Kocha akaenda. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Akipewa nafasi atasema waziwazi, mbele ya daktari, kwamba mtu huyu analazimishwa, na likitokea la kutokea wajue pa kuanzia kuuliza.

Ofisini mlikuwa na viti viwili vya wageni. Mume na mke wakakaa, kocha akasimama karibu na mlango. Daktari alimpima mume uzito, akamfunga kifaa cha presha, akasoma, akamfunga tena.

"Mazoezi mmefanya kweli?" akauliza.

"Sana," mwanamke akadakia. "Nimemwona kwa macho yangu. Kocha wake yule pale, muulize."

Kocha akakohoa. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa tayari kwenye ulimi, lakini daktari hakumuuliza kitu. Alikuwa anakikunja kile kifaa polepole. Akavuta kiti chake, akakaa mbele ya mwanamke, akamshika mkono.

"Pole sana, mama. Mumeo hatuwezi kumtoa figo akiwa na hali hii. Na wewe ulipofikia, huwezi tena kusubiri mtu mwingine apatikane."

Nyuma ya mgongo wa mkewe, mume akamkonyeza kocha.