Harufu Iliyobaki Kwenye Kola

Siku ile mjinga alikuwa dobi mwenyewe, na hana wa kumsingizia. Alipewa koti la watu alitoe harufu, yeye akakaa anailinda harufu isitoke, tena akijiona mtenda hisani.

Wateja walimwita Pua. Kila baridi ilipopiga hodi, watu walimletea makoti na masweta yaliyolala masandukuni tangu msimu uliopita, yakinuka ukungu, vidonge vya kufukuza nondo na mafuta ya kukaangia. Naye hakuacha kuwatania. Angekwambia sweta lako linanuka kama mkwe aliyenuna, halafu ukirudi unalikuta kama halijawahi kuvaliwa.

"Harufu ni mgeni asiyejua kuaga," alikuwa akisema. "Usimpigie kelele. Mfungulie dirisha."

Utani ulikuwa wa mdomoni tu. Ndani alikufa ganzi tangu afiwe na mkewe. Wiki ile ya msiba alikusanya nguo zote za marehemu akazifua, maana mikono yake haikujua kazi nyingine. Alizifua vizuri mno. Baadaye, alipozika uso kwenye sweta la kijani la mkewe, alikuta harufu ya sabuni tu. Tangu hapo alinusa nguo za watu kama karani anavyopiga mhuri.

Ndipo akaja mama mmoja na koti zito la sufu, la kiume, ndani ya mfuko uliofungwa mafundo mawili. Alivaa gauni la kijivu, bila hereni, macho makavu. Alizungumza kama mtu anayesoma maneno yaliyobandikwa ukutani.

"Ni la mume wangu. Lina harufu. Nataka isibaki hata ya dawa."

Dobi akamuuliza limefungiwa tangu lini. Tangu baridi iliyopita, akajibu. Alilitia vidonge vya nondo maradufu akidhani vitaifunika, lakini wapi. Akifungua kabati inamsalimia kabla hajagusa kitu. Hawezi tena kulala nayo chumba kimoja. Ila asichelewe, Jumamosi litavaliwa.

Na mtoto wa kiume, dobi aliwaza, au na shemeji. Ndivyo makoti ya marehemu yanavyotembea.

Alipobaki peke yake na koti aligeuza bitana nje, akanusa. Ukungu na vidonge vilikuwa juu juu, vya kuondoka na upepo. Chini yake, kwenye kola na bega la kushoto, kulikuwa na kitu kingine: utamu mzito wa maua, wa mtu aliyelaza kichwa pale mara nyingi. Yule mama hakuwa akinukia chochote ila sabuni ya mche. Ameacha marashi, dobi akajiambia. Ajipake kwa ajili ya nani? Na kwa mara ya kwanza tangu msiba wake kitu kikamgusa kifuani, kwa mbali, kama mlango unaobishwa nyumba ya jirani.

Dada yake mkubwa, aliyekuwa mezani akipiga pasi, alimwona akirudisha chupa ya siki rafuni, akataka kujua kulikoni. Dobi akamweleza kwamba mama wa watu hajui anachoomba. Leo ana uchungu; mwakani atalipekua koti lile mshono kwa mshono akitafuta chembe tu. Heri aondolewe ukungu, aachiwe mtu wake.

"Mteja kasema itoke," dada alisema, pasi haisimami. "Pilipili usiyoila yakuwashiani?"

"Niliila, dada. Ndiyo maana najua inavyowasha."

Basi akalianika kivulini, si juani. Akalinyunyizia magadi kwenye mifuko na pindo, akaukwepa ukosi wote. Alipopitisha mvuke, alilifunika bega la kushoto kwa kitambaa kikavu, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

Jumamosi mama akarudi. Akalinyanyua koti hadi usoni, akavuta pumzi, akafumba macho. Vidole vyake vikaikamata kola kwa nguvu. Dobi alipoviona alishusha pumzi: hakukosea.

"Bado ipo," mama alisema.

Dobi akamwambia ipo kwa makusudi. Safari hii hakutania. Akamsimulia habari za sweta la kijani, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mteja yeyote, na jinsi mtu anavyoweza kufua nguo akajikuta amefua kila alichobakiwa nacho. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtaka alichukue, alifue sasa hivi, yeye atasubiri. Dobi akakataa. Mama akalisukuma koti mezani, dobi akalirudisha. Pasi ya dada ikasimama.

"Mama, nisikilize mimi niliyepita huko," dobi alisema. "Sabuni haina huruma. Utakuja kuitafuta harufu ya mume wako, uikose."

Yule mama akauachia mkono wa koti.

"Mume wangu yuko hapo nje anaegesha gari, fundi. Harufu yake ni grisi na jasho. Hii uliyonitunzia ni ya mwanamke wake."