Kumlaza Mke Mwenza

Mugambi alikuwa amepiga magoti uani, anamwaga petroli yote ya pikipiki ndani ya jerikeni, na Kendi mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, anamtazama anavyokosea.

"Unaiua," alimwambia. "Pikipiki ikilazwa miezi mingi bila kuendeshwa, tangi linajazwa mpaka juu. Likiwa tupu linashika kutu."

Mugambi alilegeza skrubu ya chini ya kabureta, matone ya mwisho yakadondoka kwenye kopo la jemu. Kendi akaguna. Mume wake alikuwa hodari wa kuanza mambo. Rafu ya jikoni aliianza Krismasi, na mbao zake bado zilikuwa zimeegemea ukuta. Masomo ya jioni aliyaacha katikati. Sasa hata kulaza pikipiki wakati wa baridi, kazi ambayo mtu anaitazama mara moja kwenye simu kisha anaifanya, ilikuwa inamshinda.

Pikipiki yenyewe Kendi aliiita mke mwenza. Ndiyo iliyokula Jumamosi zote za Mugambi, ndiyo iliyopanguswa kwa fulana safi. Mwezi wa tano teksi ilimbana kwenye taa za barabarani za Overport, hapa Durban, akarudi nyumbani Glenwood kiwiko chote kimechubuka, anacheka. Kendi hakucheka. Tangu siku hiyo, kila simu ngeni ilipolia katika duka la dawa alikofanya kazi alidhani ni hospitali, na vidonge vya wateja alivihesabu mara mbili mbili. Aliogopa sana. Hilo hakumwambia mumewe. Alichofanya ni kwenda kusimama kati yake na televisheni.

"Chagua," alisema. "Mimi, au hilo lipikipiki lako."

"Nimesikia," Mugambi alijibu.

Baada ya wiki kadhaa za kununiana, ndipo Mugambi akaenda uani na spana. Kendi alipomuuliza kama hatimaye anailaza, alisema kwamba wakati huu wa baridi hataiendesha. Kendi akawatangazia Wakenya wenzake kanisani, kisha akamtangazia Antoinette, Mkongomani wa nyumba ya jirani, aliyekuwa anaanika nguo kwa blauzi isiyo na mikono.

"Baridi iko wapi hapa Durban, dada?" Antoinette aliuliza. "Bwana yangu, winter, hii baridi, njo anaendesha pikipiki yake kila siku. Mvua haiko."

Kendi alimwonea huruma kwa kutoelewa. Baridi ilikuwa kisingizio tu, na alikuwa amemwachia Mugambi kisingizio hicho ashindwe bila kuaibika. Tena alikuwa amemnunulia chupa ya dawa ya kuzuia petroli isiharibike. Kifuniko kimoja kwa tangi zima, maelezo yako nyuma, hata mgonjwa wa homa angeyafuata. Mugambi aliiweka dirishani bila kuifungua.

"Na dawa je?" Kendi alimuuliza sasa.

"Nitaitia kwenye petroli gani? Lazima iwe kavu kabisa."

"Nani amesema?"

"Kazini."

Kendi alicheka mpaka chai ikamwagikia kandambili. Kazini! Mugambi alikuwa karani bandarini, kutwa anaandika namba za makontena. Akamuuliza huko bandarini wanajua nini kuhusu pikipiki.

Mugambi aliendelea na makosa yake. Akang'oa betri. Akafungua vioo vya pembeni, akavifunga kwenye gazeti. Kisha akaisimamisha pikipiki juu ya chaga la mbao la kupakilia mizigo alilotoka nalo kazini, takataka nyingine ya kujaza ua, akaikaza kwa kamba pande zote, eti isianguke. Kendi alishindwa kuvumilia. Akaingia ndani, akarudi na lile blanketi zito ambalo mama mkwe aliwaletea siku ya arusi, akalitupa juu ya kiti cha pikipiki.

"Mfunike mwenzangu asipate homa," alisema.

Mugambi alilikunjua blanketi, akaifunika pikipiki.

"Asante, Kendi."

Hakuwa amemshukuru kwa chochote tangu mwaka uanze. Kendi akajua sasa ameshinda kweli, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano kifua chake kikalegea. Akaenda jikoni kukanda unga wa chapati, maana leo mume huyu, pamoja na upungufu wake wote, alistahili kulishwa. Alimsikia akiingia bafuni kuoga.

Chapati ya kwanza haijageuzwa, honi ikalia nje. Lori lilikuwa linarudi kinyumenyume getini. Kendi alitoka na unga mikononi, na moyo ukamruka kwa furaha. Kumbe Mugambi haifichi uani tu, anaiondoa kabisa! Akamwita Antoinette aje kwenye ua ajionee kwa macho yake.

Dereva, Mkongomani mwenye tumbo kubwa, aliizunguka pikipiki, akafunua blanketi na kugonga tangi kwa vidole. Likalia tupu.

"Sharp, iko sawa," alisema, akawaashiria vijana wake waipakie pamoja na chaga lake. "Ikiwa na petroli ndani, ile meli ya Mombasa haiwezi kuibeba."

Kendi aligeuka amuulize mumewe ni meli gani. Mugambi alikuwa anatoka mlangoni, amevaa koti, sanduku mkono mmoja, helmeti imening'inia mkono wa pili. Alipita karibu na dirisha, akachukua ile chupa ya dawa ambayo haijafunguliwa, akaja kumwekea Kendi kwenye kiganja chenye unga.

"Uliniambia nichague," alisema, akapanda mbele kando ya dereva.