Mkataba wa Ghalani

Siku hizi ukishatia saini mkataba wa kazi, mwili wako unautii. Nilipomwajiri Sijaona atupikie, nilichukua mkataba wa walinzi wa maghala, nikafuta "mlinzi", nikaandika "mpishi". Niliona inatosha.

Asubuhi yake ya kwanza kazini, mke wangu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Tulipofika mlangoni, Sijaona alikuwa amesimama pale na mwiko mkononi.

"Hatoki mtu bila kibali cha meneja, Baba Nasra."

"Si mimi niliyekuajiri, wewe?"

"Ni wewe, baba. Lakini imeandikwa meneja." Machozi yalimtoka. "Naiambia miguu isogee, haisogei."

Nikamsukuma. Ni mwembamba, lakini ilikuwa kama kusukuma ukuta. Na mkataba haufutwi mpaka meneja akubali. Nyumba yangu haijawahi kuwa na meneja.

Mtoto alizaliwa sebuleni, mikononi mwangu. Aliposikia kilio, Sijaona alicheka kwa furaha, akageuka kumtazama. Kicheko kikakatika.

"Baba Nasra," alisema, "mchukue umfiche. Huyu ameingilia wapi? Mlangoni kwangu hakupita."

Mkono wake ulikuwa umeshauinua mwiko.