Sababu ya Sekela

Siku hizo kila mjamzito aliyekubali au kukataa chanjo ilimbidi aitamke sababu yake mbele ya kinasa sauti, na mtoto angekuja kuisikia atakapotimiza miaka kumi na mitano. Kinasa hicho kiliutambua uongo.

Sekela, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa ameiwazia chanjo ya mafua wiki nzima. Mumewe, Ambilikile, hakumshurutisha. Asubuhi ile akaamua, akachomwa sindano, kisha nesi akamwacha peke yake na kinasa.

"Mwanangu," alianza, "nimechanjwa ili uzaliwe salama."

Taa nyekundu ikawaka kwenye kinasa.

Sekela alishtuka. Kwani hakumpenda huyu mtoto? Akajaribu tena, akasema ni ushauri wa daktari. Nyekundu. Akamkumbuka mama yake, aliyekufa kwa mafua makali akiwa mjamzito, na jinsi yeye, binti wa miaka sita, alivyoushika mkono wake uliokuwa ukichemka kwa homa.

"Niliogopa kufa," alisema kwa sauti ndogo. "Sikukufikiria wewe kwanza. Nilijifikiria mimi."

Taa ikawa kijani.

Nje, Ambilikile akampokea mkoba. "Umemwambia nini mwanetu?"

"Hayo ni yangu na yeye, mume wangu."

Wakashika njia ya nyumbani polepole. Tumboni mtoto akajigeuza, na Sekela akaona haya, kama mtu aliyegundua kwamba ameshasikika.