Kidole cha Mwisho

Bibi aliyepooza alikiachia kidole cha nesi wa mazoezi, akatembea.

Nilikuwa kwenye benchi na mguu wangu uliofungwa plasta, nimeona kwa macho yangu. Miezi minane nesi alimshika mkono, na kila bibi alipopata nafuu, nesi akapunguza kidole kimoja, hadi leo kikabaki kile kidogo. "Kazi yangu kushika," alikuwa akituambia. "Kutembea kuna mwenyewe."

Sasa mjukuu wake bibi alikuwa mlangoni kafungua mikono, na bibi anamwendea peke yake, hatua ya saba, ya nane, wodi nzima inapiga vigelegele.

Kidole cha nesi kilikuwa bado kimenyooka hewani, hakina mtu.

"Bibi, hata asante hujamwambia dada wa watu!" mjukuu alimtania huku akilia.

"Wewe, koma!" nesi alipaza sauti, meno yote nje. "Akigeuka kunishukuru ataanguka!"