Kinywa cha Bi Mwanakheri

Siku ya kliniki ya kisukari wagonjwa wote huja na miguu iliyosuguliwa ikang'aa kama ya bibi harusi, kwa sababu Nesi Tegemea, mwalimu wao wa ugonjwa huo, hukagua miguu. Bi Mwanakheri alikaa mbele, kajiziba mdomo kwa ncha ya kanga.

"Sukari imepanda tena, Bibi," Nesi alimwambia.

"Anaiba sukari kabatini," Salha, mkwe wake, alimshtaki mbele ya benchi zima. "Nimetia kufuli, sijui anapitia wapi!"

"Napita tundu la ufunguo, mwanangu. Kwa unene huu."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Macho yake yalikuwa yakififia, na miezi miwili aliyokunywa uji usio na sukari hakuna aliyeiamini.

Nesi aliinama kutazama vidole vya miguu, harufu ikamshukia kutoka juu. Akaishusha ile kanga taratibu. Fizi zilikuwa zimevimba, zinatoka usaha.

"Tangu lini?"

"Tangu mfungo wa mwaka juzi. Wewe huuliza miguu tu."

Nesi aligeukia benchi zima. "Fizi zikioza, sukari hugoma kushuka hata ukila majani. Mimi ndiye niliyepaswa kuwaambia."

Bi Mwanakheri akatia vidole kinywani, akachomoa jino kama anayeng'oa kitunguu kwenye udongo laini, akaliweka kiganjani mwa Salha.

"Lifungie na hili kabatini."

Kwenye benchi mashavu yalituna huku na huku, kila ulimi ukisukuma jino moja baada ya jingine.