Dawa ya Kila Jioni

Kikohozi cha Mwalimu Joanitha kilikuwa na ratiba. Wiki tatu alifundisha kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Ya nne akatema damu kwenye leso, kisha kikohozi kikapotea, akarudi kucheka kama kawaida.

Mtaani Katubuka wakasema ni kifua kikuu. Makohozi yakapimwa, yakapimwa tena, hayakuonyesha kitu. Lakini maneno yalishafika kijijini Mwamgongo kwa baba wa mchumba wake, Mzee Dismasi, naye akakata shauri: miezi miwili ipite bila damu, ndipo alete mahari. La sivyo, kijana wake atafute mwingine. Joanitha alilia siku nzima, maana alimpenda huyo kijana kupita kiasi.

Shangazi Eufrasia, aliyemlea, akamburuta hadi kwa Daktari Evaline, mgeni kutoka Bukoba. Daktari akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuuliza.

"Hii damu ya kifuani, haiji pamoja na ile ya mwezi?"

Joanitha akatazama sakafu. "Zinakuja pamoja. Kila mara."

Daktari almanusura aruke kitini kwa furaha. Ugonjwa huo alikuwa ameusoma tu, hajawahi kukutana nao. Akaeleza: nyama kama ile ya ndani ya kizazi imeota kwenye pafu, na kila mwezi nayo inatoa damu. Hauambukizi hata kidogo.

"Vidonge vinautuliza," akasema. "Hata ujauzito huutuliza."

"Vidonge, daktari!" Shangazi akadakia. "Hilo jingine lisubiri harusi."

Vidonge vilikuwa Dar es Salaam, na mwaka ule mabehewa yalijaa unga wa wakimbizi waliomiminika kutoka ng'ambo ya ziwa. Bahati nzuri mchumba mwenyewe, Bonaventura, alipakua unga huo stesheni. Akaapa kwamba kifurushi kikifika tu, atampelekea Joanitha kwa mikono yake.

Na kweli, mwezi uliofuata Joanitha hakukohoa. Wa pili, kimya. Mzee Dismasi akashuka kwenye boti na mahari yote, pamoja na tenga zima la migebuka, samaki wa ziwa lile. Shangazi akapiga vigelegele mpaka kuku wakahama uani. Kesho yake akamshika Joanitha mkono, wakaenda kushukuru.

"Umetuokoa, mwanangu!" akamwambia daktari. "Na huyo mkwe wangu, hajakosa hata siku moja! Kila jioni akitoka stesheni anakuja kumpa dawa. Anasema umeagiza ameze mbele yake, mlango umefungwa, pasiwe na kelele. Mimi nawapisha, naenda zangu kwa jirani."

"Niliagiza hivyo?" Daktari akashangaa.

Joanitha akajifunika kanga usoni.

Mara mlango ukasukumwa. Bonaventura akaingia mbio, unga hadi kwenye nyusi, kwapani ana kifurushi kilichoshonwa kwa turubai, uzi wake haujakatwa.

"Daktari, dawa ya Joanitha ndiyo kwanza imefika! Sasa sijui kama bado..."

Akamwona Shangazi.

Shangazi akakitazama kifurushi. Akalitazama tumbo la Joanitha. Kisha akamgeukia mkwe wake.

"Bona, mwanangu," akasema taratibu, "kila jioni ulikuwa unampa nini?"